Zimwi Likujualo: Kerneli ya Linux na Kompaila Zilizoijenga

Kaa mbele ya kompyuta yoyote ya Linux, fungua dirisha la amri, andika cat /proc/version. Mashine itakujibu kwa mstari mmoja mrefu wenye namba ya kerneli, tarehe iliyojengwa, na habari moja ambayo wengi huipita bila kuitazama: jina na toleo la kompaila iliyoijenga. Programu nyingi hazina desturi ya kutangaza fundi wake. Kerneli inayo, kwa sababu fundi anayeletewa malalamiko ya mashine iliyozimika ghafla ana swali ambalo lazima aliulize mapema: uliijenga kwa kompaila gani?

Kompaila ndiyo inayochukua maandishi ya mwanaprogramu, ambayo kwa Linux karibu yote ni ya lugha ya C, na kuyageuza kuwa amri ambazo prosesa inaweza kuzitekeleza. Programu ya kawaida ikigeuzwa vibaya itaanguka peke yake na mfumo utaendelea. Kerneli haina wa kuidaka. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayopanga zamu za prosesa na inayoandika data kwenye diski. Ikikosewa mahali, mwenye mashine anaweza kukaa miezi akilaumu diski, umeme au bahati yake.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, hakuwa na nafasi kubwa ya kuchagua. Kompaila huru iliyostahili kazi yake ilikuwa GCC, iliyoanzishwa na Mmarekani Richard Stallman na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1987. Tangazo maarufu la Torvalds la tarehe 25 Agosti 1991 lilitaja programu mbili alizokwisha kuzihamishia kwenye mfumo wake: bash 1.08 na gcc 1.40. Toleo 0.01 lilipotoka Septemba, faili lake la ujenzi lilikuwa na swichi iitwayo -mstring-insns, ambayo huikuti katika GCC ya kawaida. Torvalds aliiongeza mwenyewe, ili kompaila itumie amri za prosesa ya 386 za kushughulikia mifuatano ya herufi. Yaani kerneli ya kwanza kabisa ya Linux ilijengwa kwa kompaila iliyochokonolewa na huyo huyo aliyeandika kerneli.

Tangu hapo kerneli haikuandikwa kwa C tupu. Iliandikwa kwa C ya GCC, na tofauti hiyo si ndogo. C ya vitabuni haina njia ya kugusa rejista fulani ya prosesa, kuzima makatizo au kubadilisha ramani ya kumbukumbu. GCC ilimruhusu mwandishi kuchomeka mistari ya asembli katikati ya C, kwa sharti kwamba aorodheshe rejista anazozisoma, anazoziandika na anazoziharibu. Kompaila huiamini orodha hiyo na haiikagui. Mwandishi akisahau kutaja rejista moja, kila kitu kinaweza kuendelea sawa kwa miaka, mradi kompaila haina haja na rejista ile mahali pale. Siku itakapoihitaji, ndipo mambo yatakapoharibika.

Siku hiyo ilifika mwishoni mwa miaka ya 1990. Kerneli 2.0 ilitoka Juni 1996, na kompaila yake ilikuwa GCC 2.7.2. Mwaka uliofuata baadhi ya waendelezaji wa GCC, wakiwa wamechoshwa na mwendo wa kusuasua wa mradi, walijitenga na kuanzisha EGCS. Kazi yao ilisonga haraka, na Aprili 1999 EGCS ndiyo ikawa GCC rasmi. Kompaila hizo mpya zilikuwa na akili zaidi ya kupanga rejista. Zilipopewa kerneli 2.0, orodha zote za asembli zilizoandikwa kwa mazoea zilianza kudai deni lao. Kerneli ilijengwa bila onyo la maana, kisha ikawaka vibaya au isiwake kabisa. Ushauri uliotolewa ukawa mfupi: kwa 2.0, baki na 2.7.2.

Kisa cha Red Hat, kampuni inayosambaza Linux, kiliuweka mzozo huo hadharani. Septemba 2000 kampuni hiyo ilitoa Red Hat Linux 7.0 ikiwa na kompaila iliyoitwa 2.96, namba ambayo mradi wa GCC haukuwahi kuitoa. Ilikuwa nakala iliyochukuliwa katikati ya maendeleo na kurekebishwa na wahandisi wa kampuni. Oktoba kamati ya GCC ikatoa taarifa kwamba hilo si toleo lake. Linalonivutia mimi zaidi ya ugomvi huo ni kifurushi kilichokuwa katika toleo lile lile, kgcc. Ndani yake kulikuwa na EGCS 1.1.2 ya zamani, na kazi yake ilikuwa kujenga kerneli. Kampuni iliwaambia wateja watumie kompaila mpya kwa programu zao zote, ila kwa kitu kimoja ilichokiogopa iliwawekea ya zamani kando. Kerneli 2.4 iliyotoka Januari 2001 nayo ilitaja EGCS hiyo hiyo kuwa kiwango cha chini.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha, ndivyo walivyofikiri wengi, na kwa miaka ile hawakuwa wajinga. Kompaila ya zamani ina kasoro, lakini kasoro zake zimeshaandikwa na kuzungukwa. Mpya ina kasoro ambazo bado hazijamkuta mtu. Toleo 2.95, lililotoka Julai 1999, liling'ang'aniwa hivyo kwa miaka. Mfululizo wa GCC 3 ulipokuja ukiwa mzito na wa polepole, waliokuwa wakijenga kerneli mara nyingi kwa siku waliona faida ya kuachana na 2.95 ni ndogo kuliko muda watakaoupoteza. Kerneli 2.6 ilianza Desemba 2003 ikiwa bado inaipokea. Ni 2.6.16 ya Machi 2006 iliyoikataa na kupandisha kiwango hadi GCC 3.2. Kisha kiwango hicho kikakaa pale pale miaka 12.

Kukaa huko hakukumaanisha amani, kwa sababu watu hawakulazimika kutumia ya chini kabisa, na matoleo mapya yaliendelea kufichua mambo. Mawili kati yake yanastahili kutazamwa kwa karibu, maana yanaonyesha jinsi ilivyo vigumu kusema nani amekosa.

La kwanza lilikuja na GCC 4.3.0, Machi 2008. Prosesa za x86 zina alama ndogo inayoamua mwelekeo wa amri za kunakili: ikiwa sifuri, zinanakili kwenda mbele, ikiwa moja, zinarudi nyuma. Mapatano yaliyoandikwa ya jukwaa hilo yanasema alama iwe sifuri kila shughuli inapoanza. GCC za zamani hazikuyategemea mapatano hayo. Kila zilipotaka kunakili, zilitanguliza amri moja ya kuisafisha alama. Toleo 4.3 liliona amri hiyo ni ya ziada na kuiondoa. Kwa upande wake, kerneli ilikuwa na uzembe ambao haukuwahi kuonekana. Ilipoikatiza programu ili kuipelekea ishara, haikuisafisha alama. Iliikabidhi kama ilivyoikuta. Programu ikikatizwa ikiwa katikati ya kunakili kinyumenyume, kipande cha kushughulikia ishara kilianza kazi kikiwa kinatembea kinyumenyume pia, na kuandika juu ya kumbukumbu isiyo yake.

Kasoro hiyo iliibuliwa na kuanguka kwa SBCL, programu ya lugha ya Lisp, mbali kabisa na mahali ambapo mtu angeitafuta. Ukifuata maandishi, mkosaji ni kerneli: mapatano yalikuwepo, nayo haikuyashika. Ukifuata mazoea, aliyebadilisha ni kompaila. Kerneli ilirekebishwa mara moja, lakini hilo halikumaliza kazi, kwa kuwa mashine nyingi duniani zilikuwa na kerneli za zamani ambazo zingeletewa programu zilizojengwa kwa kompaila mpya. GCC nayo ikaongeza swichi ya kurudisha tabia ya zamani kwa anayeihitaji. Hapo hoja ya kwamba kompaila ya kerneli ni shauri la mwenye kerneli peke yake ilianguka.

La pili ni la mwaka 2009, na ni kisa ninachokirudia kila ninapomsikia mtu akisema kompaila hufuata tu kilichoandikwa. Katika kerneli 2.6.30, kwenye kiendeshi cha mtandao kiitwacho tun, kulikuwa na shughuli iliyopokea kielekezi, yaani anwani ya mahali kwenye kumbukumbu. Mstari mmoja ulikifuata kielekezi hicho na kuchukua kitu ndani yake. Mstari wa chini yake uliuliza kama kielekezi ni tupu, na kama ndivyo, shughuli irudi na kosa. Mpangilio ni wa kizembe, kama mtu anayeketi ndipo aangalie kama kiti kipo. Lakini ukaguzi ulikuwepo, na msomaji mwenye haraka angeridhika kuuona.

Kompaila haikuridhika, kwa mantiki yake. Kanuni za C zinasema kufuata kielekezi tupu ni jambo lisilo na maana iliyowekwa. Kwa kuwa mstari wa kwanza umeshakifuata, GCC ilihitimisha kwamba kielekezi hakiwezi kuwa tupu; na kwa kuwa hakiwezi, ukaguzi wa chini hauna kazi. Ikaufuta. Katika programu ya kawaida mstari wa kwanza ungeiangusha programu na mambo yakaishia hapo. Ndani ya kerneli, anwani ya sifuri yaweza kuwa na kitu, iwapo mtumiaji atapata njia ya kuiweka ramani yake huko. Julai 2009 mtafiti wa usalama Brad Spengler alitoa programu iliyofanya hivyo hivyo na kujipatia mamlaka yote ya mashine. Anayesoma msimbo wa C aliona kinga, wakati kwenye amri zilizotekelezwa na prosesa kinga hiyo haikuwepo.

Jibu la kerneli lilikuwa kurekebisha mistari ile na kuongeza swichi kwenye ujenzi wote, inayoikataza GCC kufuta ukaguzi wa vielekezi tupu. Swichi ya namna hiyo ilikuwa na mwenzake wa zamani, -fno-strict-aliasing, inayoizuia kompaila kuamini kwamba vielekezi vya aina mbili tofauti haviwezi kugusa mahali pamoja. Ukilisoma faili kuu la ujenzi la kerneli leo utaona safu ya swichi za namna hii. Nyingi ya hizo ni kumbukumbu za ugomvi, na binafsi naliona faili hilo kuwa historia nzuri zaidi ya Linux kuliko vitabu kadhaa vilivyoandikwa juu yake.

Julai 2014 ilikuwa zamu ya kompaila kukosea kweli. GCC 4.9.0 ilijenga shughuli inayogawanya mzigo kati ya prosesa, load_balance, kwa namna iliyoweka thamani kwenye staki (kumbukumbu ya muda ya shughuli) chini ya kielekezi cha staki, kabla ya kukishusha kielekezi kuihifadhi nafasi hiyo. Kwa programu za kawaida za x86 ya biti 64 eneo dogo la chini ya kielekezi linaruhusiwa kutumika. Kerneli hujengwa kwa swichi inayoifuta ruhusa hiyo, kwa sababu katizo laweza kuingia wakati wowote na kuandika papo hapo. Torvalds aliisoma asembli ile mwenyewe, akaisema kompaila kwa maneno ambayo gazeti la heshima haliyachapishi, na kerneli 3.16 ikazima kipengele cha GCC kilicholeta balaa. Mwaka huo huo GCC 4.8.0 hadi 4.8.2 zilipigwa marufuku kwenye prosesa za ARM kwa kasoro ya ukoo huo huo.

Hadi hapo mtu wa zimwi likujualo angesema: si niliwaambia? Januari 2018 ilimnyamazisha kidogo. Udhaifu wa prosesa uitwao Spectre ulipotangazwa, kinga iliyobuniwa Google, retpoline, ilihitaji kila mruko usio wa moja kwa moja ndani ya kerneli nzima ubadilishwe kuwa mfuatano maalumu wa amri. Miruko hiyo huzaliwa na kompaila. Hakuna mhariri ambaye angeipitia kwa mkono. GCC 7.3 yenye uwezo huo ilitoka tarehe 25 Januari, kerneli 4.15 ikafuata tarehe 28. Aliyeijenga 4.15 kwa kompaila isiyo na uwezo huo alipata kerneli mpya yenye kinga kwenye vipande vya asembli tu, na kerneli yenyewe iliandika wazi katika faili lake la hali kwamba bado iko hatarini. Watengenezaji wa mifumo mikubwa walilazimika kuurudisha uwezo huo kwenye kompaila zao za zamani. Oktoba mwaka huo kerneli 4.19 ikapandisha kiwango hadi GCC 4.6, na miaka 12 ya 3.2 ikaisha.

Aliyeng'olewa kabisa imani hiyo ya kompaila ya zamani ni mtu wa ARM. Russell King, Mwingereza aliyeisimamia Linux ya ARM tangu siku zake za mwanzo, alikuwa na mashine ya ARM ya biti 64 iliyomsumbua kwa muda mrefu. Mara moja moja, bila utaratibu wowote, mfumo wa mafaili wa ext4 ulilalamika kwamba hesabu ya uhakiki ya faili fulani haikubaliani na data. Diski ilipochunguzwa, data ilikuwa nzima. Kasoro ya namna hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu kila jaribio huchukua siku, na siku bila kosa haithibitishi kitu. Mtu huanza kushuku diski, kisha kumbukumbu, kisha waya, kisha prosesa.

Januari 2021 jibu lilipatikana kwenye asembli ya shughuli fupi inayokokotoa hesabu ile. Shughuli huweka kazi yake kwenye staki, hukokotoa, na mwisho husoma matokeo kutoka hapo na kuyarudisha. GCC 4.9 ilipanga mwisho huo kinyume: kwanza ilikipandisha kielekezi cha staki, yaani ikaiachia nafasi, halafu ndipo ikasoma matokeo kutoka kwenye nafasi iliyokwisha kuachiwa. Pengo kati ya hatua hizo mbili ni amri moja tu ya prosesa. Katizo likiangukia hapo, kerneli huhifadhi rejista zake kwenye staki hiyo hiyo, juu ya matokeo. Kinachosomwa baadaye si hesabu ya faili, ni mabaki ya rejista, na ext4 kwa haki kabisa inapiga kelele kwamba faili limeharibika.

GCC ilikwisha kurekebisha kasoro hiyo katika 5.1, iliyotoka Aprili 2015. Karibu miaka sita ilikuwa imepita. Zimwi lililojulikana lilikuwa likila muda wa mtu mwenye uzoefu kuliko karibu kila mtu duniani katika eneo lake, naye alilitumia kwa sababu ile ile iliyowafanya wengine kulishikilia: lilimfaa miaka yote. Kerneli 5.11 ikakataa kujengwa kwa chini ya GCC 5.1 kwenye ARM ya biti 64. Viwango vya jumla, ambavyo vilikuwa vimefika 4.9 na kerneli 5.8 mwaka 2020, vilipanda hadi 5.1 kwa wote na kerneli 5.15 ya Oktoba 2021.

Kupanda huko kuliwaumiza waliokuwa kwenye mifumo ya zamani ya ofisini. Red Hat Enterprise Linux 7 ilikuja na GCC 4.8, na tangu 5.8 haikuweza kujenga kerneli mpya kwa kompaila yake ya kawaida. Kwa watu wa hali hiyo, Arnd Bergmann, mmoja wa wasimamizi wa kerneli, huandaa kompaila zilizo tayari, za matoleo mengi na prosesa nyingi, zinazopakuliwa kutoka kernel.org. Faida ya kupanda nayo ilionekana upesi. GCC 5.1 inaelewa C ya mwaka 2011, na Mei 2022 kerneli 5.18 iliiacha C ya mwaka 1989 na kuhamia hiyo. Sasa kigeu cha kuzungukia orodha kingeweza kutangazwa ndani ya kitanzi na kufia humo humo, badala ya kubaki nje kikielekeza mahali pasipo na maana.

Wakati huo huo GCC ilipoteza upekee wake. Baada ya miaka ya kuiondolea kerneli vitu ambavyo GCC peke yake iliviweza, kompaila nyingine, Clang, ilianza kuijenga vizuri, na simu ya Pixel 2 ya mwaka 2017 iliuzwa ikiwa na kerneli iliyojengwa kwa Clang. Android mpya unayoinunua leo Kariakoo au River Road kwa kawaida itakutajia Clang ukifanikiwa kuusoma mstari ule wa /proc/version.

Kama kuna aliyedhani mambo yametulia, Aprili 2025 ilikuwa na kisa chake. Torvalds alihamia mfumo wa Fedora 42, iliyokuja na GCC 15 kabla hata haijatolewa rasmi. Kompaila hiyo ilianza kuonya juu ya kila mfuatano wa herufi ulioingizwa kwenye nafasi isiyobakisha baiti ya sifuri ya kumalizia. Kerneli ina mengi ya hayo kwa makusudi: majina ya majedwali ya ACPI, kwa mfano, ni herufi nne kamili katika baiti nne kamili. Torvalds hapendi ujenzi wenye maonyo, akaweka alama za kuieleza kompaila kwamba hayo si mifuatano ya kawaida, na siku ya Jumapili ya Pasaka, tarehe 20 Aprili, akatoa toleo la majaribio la tatu la kerneli 6.15. Ila alama hiyo, kwa namna alivyoitumia, ilieleweka na GCC 15 peke yake. Waliokuwa na GCC 14, ambao ndio waliokuwa wengi, walipata maonyo mapya, na penye sheria kwamba onyo ni kosa, ujenzi ukagoma. Kees Cook, mwendelezaji wa kerneli aliyekuwa ameshaandaa marekebisho ya jambo hilo na kuyasubirisha zamu yake, hakufurahi na alisema hivyo. Onyo likazimwa lote kwa muda.

Miezi mitatu baadaye, Julai 2025, kerneli 6.16 ilitoka ikiwa na kiwango kipya cha chini kwa wote: GCC 8.1, kompaila ya Mei 2018. Kiwango hicho kimeandikwa katika faili dogo liitwalo scripts/min-tool-version.sh, na ukianza kujenga kwa kompaila iliyo chini yake, ujenzi unasimama kabla faili la kwanza la C la kerneli halijaguswa.